Taa ya Kushoto kwenye Barabara ya Walikale

Mwezi uliopita nilirudisha kibao, filimbi na koti la manjano. Karani alinipa karatasi niweke sahihi, akanitakia mapumziko mema, kisha akaniuliza kama nina kalamu ya kumwazima kwa sababu yake imekauka. Sherehe yangu ya kustaafu ilikuwa hiyo. Ninyi mnaobaki kwenye brigedi ya barabara mmeniomba niandike nilivyofanya kazi, hasa habari ya magari yanayokata kushoto, maana mmesikia kwamba mimi ndiye niliyeleta utaratibu ule kwenye barabara ya Walikale. Ni kweli, ni mimi. Vyeo nitaviruka, kwa kuwa sijaona cheo kilichomzuia mtu kufa.

Nilianza Sake, pale zinapokutana barabara ya Goma, ya Masisi na ya Minova. Nieleze kidogo kwa asiyeshika usukani. Kwetu tunaendesha upande wa kulia. Anayekata kulia hamsumbui mtu. Anayekata kushoto lazima akatize mbele ya wale wanaokuja, na hapo ndipo kazi yote ya mshika kibao ilipo. Taa za rangi hatukuwa nazo, na mpaka leo sijaona nguzo ya taa kati ya Sake na Walikale. Nilichopewa ni kibao cha mbao cha mviringo, upande mmoja mwekundu na upande wa pili kijani, na mpini wa mkaratusi uliokuwa bado unatoa utomvu.

Siku ya kwanza nilikishika kinyume. Kamyo moja, lori la kabichi lililokuwa linashuka kutoka Masisi, iliona kijani, na gari la akina mama wa samaki kutoka Minova lilikuwa limesimama likiwa limekata tamaa, likaondoka lenyewe. Yakakutana pua kwa pua katikati ya njia panda. Nilitukanwa kwa Kihunde, kwa Kinyarwanda, kwa Kilingala na kwa Kifaransa, na mama mmoja aliyekosa lugha iliyobaki akanirushia sambaza, visamaki vya ziwani. Mkuu wangu, Papa Kalinda, alikuja akaongoza magari yote mawili nyuma bila haraka, kisha akanirudishia kibao na kuniambia kwamba kibao kina vinywa viwili, vinasema kwa wakati mmoja, na kila kimoja kinasema kinyume cha mwenzake. Nisisahau kamwe kwamba kuna mtu anasoma upande ambao mimi siuoni.

Papa Kalinda alikuwa mkantonye, yaani mfanyakazi wa barabara, tangu ujana wake. Sikio lake moja lilikuwa limekufa kwa baruti za kupasulia mawe, kwa hiyo alisimama daima akiuelekeza upande mzima kwenye mlima. Alikuwa anasikiliza breki. Kamyo ikiwa bado haijaonekana, yeye alishajua kama itasimama au haitasimama. Kwa sababu hiyo sheria yake ya Sake ilikuwa mzigo kwanza: anayeshuka Masisi na kukata kushoto kwenda Goma apewe njia kabla ya wengine wote, maana breki zake huenda zimebaki kwenye kona ya tatu huko juu. Wa Minova wasubiri. Wakinuna, wanune.

Nilidhani hiyo ni sheria ya dunia nzima. Kisha nikapelekwa Bweremana kusaidia wakati wa kutengeneza daraja, nikakuta kule samaki kwanza. Mwenye mzigo mzito anangoja hata kama ndiye anayenyooka, kwa kuwa samaki hamngojei mtu na viazi vinangoja. Nikapelekwa Mweso, nikakuta mgonjwa kwanza: gari lolote linalokata kwenda hospitali likipiga honi mara mbili fupi, njia nzima inasimama, hata kama ndani amebebwa mtu mwenye kidole kilichovimba. Mahali patatu, utaratibu wa aina tatu, na kote watu walikuwa wanafika salama. Papa Kalinda alinifundisha kwamba kabla ya kuweka alama mahali, ukae kwanza siku tatu kando ya barabara bila kibao, utazame watu wanafanya nini. Nilimtii Bweremana. Nilimtii Mweso. Alikufa kwa presha mwaka ule ule nilipopelekwa semina, na baada ya hapo sikuwa na wa kumtii.

Semina ilikuwa katika mji mkubwa, kwenye jumba lenye viti vinavyozunguka. Mwalimu, injinia kijana mwenye subira, alituonyesha picha za taa za barabarani za nchi nyingi. Niliona kwa mara ya kwanza mshale wa kijani unaoelekea kushoto, taa kamili iliyotengenezwa kwa ajili ya mtu anayekata kushoto peke yake. Niliipenda taa ile kama mtu anavyopenda nyumba ya mwenzake. Injinia alieleza kwamba kuna nchi ambako mshale wa kushoto unawaka mwanzo, kabla ya wanaonyooka. Kuna nchi unawaka mwisho. Kuna miji haina mshale kabisa, anayekata kushoto anajitafutia upenyo mwenyewe, na kuna barabara ambako kukata kushoto kumekatazwa na mtu anazunguka mpaka anarudi kulia. Mwenzetu mmoja aliuliza ni nani kati ya hao yuko sawa. Injinia akajibu kwamba wote wako sawa, ilimradi kila anayepita pale anajua maana ile ile wanayoijua wengine wote. Kwenye daftari langu nilichora mshale vizuri sana, nikaupaka na rangi. Sentensi ile sikuiandika.

Niliporudi nikapewa kipande cha barabara kuanzia Kashebere kuelekea Walikale. Malisho ya Masisi na ng'ombe wake yanaishia huko, msitu unaanza. Udongo unabadilika rangi, mvua inabadilika tabia, na mtu wa Masisi anaanza kuongea kwa sauti kubwa kidogo ili asionekane kuwa anaogopa. Mimi ni Muhunde wa vilima. Nilikuwa nimelelewa kuamini kwamba watu wa msituni ni watu wazuri, wakarimu, wanaochelewa. Nasema hivyo kwa aibu, lakini nikisema vingine nitakuwa nawadanganya.

Wiki ya kwanza tu niliona jambo lililonishtua. Kamyo inayokwenda Walikale iliwasha taa ya kushoto. Pikipiki iliyokuwa nyuma, badala ya kupunguza mwendo, ikaongeza, ikapita kushoto kwake mbio, na dereva wa kamyo akampungia mkono. Kisha ikaja nyingine, na mambo yakawa yale yale. Sisi Masisi, kama Goma, taa ya kushoto ina maana moja: nakata kushoto, usinipite. Huku ilikuwa na maana ya kinyume kabisa. Nilimsimamisha dereva wa kamyo ya tatu nikamuuliza kama amelewa. Alikuwa Kabambi, Munyanga wa Walikale, mtu mpole mwenye mabega mapana, ambaye baadaye alikuwa rafiki yangu wa pekee upande ule. Hakuwa amelewa. Alizima injini, akanieleza taratibu kama mtu anayemweleza mgeni njia ya kwenda mtoni.

"Papa, taa ya kushoto haiko yangu, iko ya ule mwenye kuwa nyuma yangu. Mimi niko naona mbele, yeye haone, kamyo inamuziba. Nikiwasha, niko namuambia: pita, njia iko muzuri."

Nikamuuliza, na ukitaka wewe mwenyewe kukata kushoto?

"Konvwayere anashuka na tawi," akasema. Konvwayere ni msaidizi wa dereva. Wa kwake alikuwa mtu mzima mwenye ndevu nyeupe. "Anasimama nyuma ya kamyo, anainua tawi, bote banasimama. Muntu mwenye tawi, nani hamuone?"

Nikamuuliza kama amesikia kwamba kuna kode, sheria ya barabara iliyoandikwa. Akanijibu kwamba amesikia, lakini haijafika huku, barabara ni mbaya. Konvwayere wake akacheka mpaka akashika mlango.

Nimeufikiria utaratibu ule miaka mingi sasa, na leo nauelewa. Masisi taa inasema habari za dereva mwenyewe. Walikale ilikuwa inasema habari za mtu aliye nyuma. Barabara ya msituni ni nyembamba, majani yameiinamia, na mwenye macho ni yule wa mbele peke yake, kwa hiyo anamgawia mwenzake macho yake. Njia za kukata kushoto ni chache, kila mtu anazijua, na pale penye hatari wanaweka mtu mzima mwenye tawi badala ya balbu ya kichina. Ulikuwa utaratibu wa watu waliokaa siku nyingi kando ya barabara yao. Mimi sikukaa hata moja. Niliandika kwenye ripoti kwamba madereva wa eneo hili hawana elimu ya alama, na kwamba nitawapa. Kwa mdomo nikawaambia wenzangu kwamba asiyejua maana haambiwi maana, nikidhani nawasema wao.

Nianze na jinsi nilivyofundisha, kwa sababu mtaulizwa. Mvua ikinyesha, tulikuwa tunafunga kizuizi cha mvua, ule mti unaokingama barabarani, ili magari mazito yasiichimbe barabara ikiwa laini. Saa nne, saa sita, wakati mwingine siku nzima, madereva wanakaa chini ya mabati kuchoma mahindi na kulalamika. Hilo ndilo lilikuwa darasa langu. Nilichora barabara kwa mkaa kwenye ubao, makopo mawili ya sardini yakawa kamyo, na kisanduku cha kiberiti kikawa pikipiki. Nilirudia mpaka wakachoka: ya kushoto ni nakata, ya kushoto ni usipite. Nilipaka bango kubwa lenye kamyo na taa ya njano, na pembeni yake tawi lililokatwa kwa msalaba mwekundu. Konvwayere akishuka na tawi mbele yangu, nililichukua mkononi mwake nikalitupa mtaroni. Niliwaambia sisi si watu wa porini. Niliwaambia hivyo watu ambao pori ni kwao.

Walikubali polepole. Kabambi alikuwa wa kwanza. Alikubali kwa sababu alikuwa amesoma kidogo, kwa sababu alinipenda, na pia kwa sababu konvwayere wake alikuwa anazeeka na kushuka kwenye kamyo kulikuwa kunamuuma magoti. Aliniuliza jambo moja tu: ni kweli kila mtu atafundishwa? Nikamwambia kila mtu. Yeye ndiye aliyekwenda kuwashawishi wengine kule Walikale, mpaka ikafika siku nikahesabu asubuhi nzima nisione tawi hata moja. Niliandika barua ya kujisifu kwa ofisi. Wakanijibu kwa mistari miwili, nikaibandika ukutani.

Sasa nifike kwenye kosa langu, na mlisome vizuri, kwa kuwa kwenye kitabu hamtalikuta. Kizuizi cha mvua kilizuia magari mazito tu. Pikipiki hazichimbi barabara, kwa hiyo zilikuwa zinapita pembeni, kwenye kinjia kilichokanyagwa na miguu, na kuendelea na safari. Hakuna mwenye pikipiki aliyewahi kukaa darasani kwangu. Niliwafundisha wanaowasha taa. Wanaoisoma sikuwafundisha. Miaka mitatu kisanduku changu cha kiberiti kilikuwa kinapita mbele ya makopo ya sardini, na sikuwahi kujiuliza ni nani anayemwambia yule wa kiberiti.

Kati ya waliopita pembeni walikuwa Mwisa na mke wake, Mama Feza. Kijiji chao kiko mbali ndani, kwa njia ya pikipiki tu. Mwisa alikuwa mkulima na mwindaji wa mitego. Mama Feza alikuwa mkunga wa kituo kidogo cha afya, na mara moja kwa mwezi mume wake alimleta kuchukua dawa kwenye zahanati ya sokoni. Soko liko bondeni, upande wa kushoto wa barabara, umbali mfupi baada ya Kashebere, na pale njia panda yake ndipo nilipokuwa nasimama siku ya soko. Mama Feza alikuwa ananiita Papa Ndizi, kwa sababu ya koti langu la manjano. Kila mwezi aliniuliza kama nimeshaiva. Nilikuwa namjibu bado kidogo, na Mwisa anacheka bila kugeuka. Siku moja Mama Feza aliangalia jino lililokuwa linanisumbua, akanipa kipande cha gome nikitafune, na maumivu yakaisha. Alikuwa mtu ambaye ukimwona asubuhi unajua siku itakwenda.

Siku ile ilikuwa ya soko na haikuwa na mvua. Nilisimama njia panda na kibao changu. Niliiona kamyo ya Kabambi inakuja kutoka upande wa Kashebere, imejaa magunia ya chumvi na sabuni ya kushushwa sokoni. Kutoka upande wa Walikale hakuna aliyekuwa anakuja. Kabambi akawasha taa ya kushoto mapema, kwa umbali niliomfundisha, bila konvwayere kushuka. Niliona fahari. Nitaisema hiyo fahari kwa sababu ndiyo inayonila zaidi. Niligeuza kibao, nikamwonyesha kijani.

Nyuma ya kamyo, mahali nisipoweza kuona, alikuwa Mwisa na mke wake wakitoka nyumbani kwa ndugu huko Kashebere. Mwisa aliona taa ya kushoto ya kamyo inawaka, kama alivyoiona maisha yake yote. Mwenzake wa mbele alikuwa anamwambia njia iko muzuri. Akatoka pembeni, akaona na kibao changu pia, kijani. Akaongeza mwendo. Wote wawili walinitii.

Kamyo ilikata kushoto ikawasukuma mpaka kwenye mtaro. Sitaandika zaidi ya hapo. Mwisa alivunjika mguu mahali pawili. Mama Feza alikufa kabla hatujamtoa, akiwa amekumbatia lile boksi tupu la kubebea dawa. Kabambi alishuka, akaja, akasimama, akaniangalia mimi, si yeye Mama Feza.

"Ulisema kila muntu anajua," akaniambia.

Hakusema tena kitu kwangu, siku ile wala baadaye. Kamyo iliondolewa pale na dereva mwingine. Kabambi alirudi kwao kulima, na niliposikia habari zake mara ya mwisho walisema akisikia gari linapita anaingia ndani.

Fomu ya ajali ina nafasi ya kuandika chanzo. Niliandika kwamba mwendesha pikipiki alijaribu kulipita gari ambalo tayari lilikuwa limeonyesha ishara ya kukata kushoto. Kila neno ni kweli kwa mujibu wa kode. Waliokuja kuchunguza walisoma, wakasema Papa Bauma, ripoti zako huwa safi. Kwa karatasi ile mwenye kosa alikuwa Mwisa, aliyelala na mguu uliofungwa vijiti, akiwa amempoteza mke. Niliweka sahihi. Nimeweka sahihi nyingi maishani na zote nimezisahau isipokuwa ile.

Siku ya tatu nilikwenda kwenye kilio. Nilitembea, kwa kuwa sikuweza kumwomba mtu yeyote wa pikipiki anibebe. Wanawake walikuwa wamekaa chini mbele ya nyumba, wengi wao, nilivyoelezwa, walizalishwa na mikono ya marehemu, na watoto waliokuwa mapajani mwao pia. Wanaume walikuwa kwenye kibanda chao cha wazi, kuzunguka moto. Walinipa nafasi nikae. Katekista alisali, wakaimba kidogo. Nilikuwa nimejiandaa kwa matusi. Nilikuwa nimejiandaa hata kupigwa, na sidhani ningejikinga. Mwisa alikuwa ameegemezwa kwenye nguzo, mguu umenyooshwa mbele yake. Aliomba ruhusa ya wazee, akaniuliza kwa sauti ya chini, kama mtu anayetaka tu kujua.

"Papa Bauma, zamani, mbele ukuye, taa ya kushoto ikiwaka tulikuwa tunajua. Sasa iko nini? Mutoto wangu mukubwa njo ataendesha ile moto, pikipiki yangu. Kesho akiona kushoto inawaka, nimuambie apite ao asipite?"

Nilianza kueleza kode. Nilifika katikati ya sentensi nikasikia sauti yangu ya darasani, ile ya makopo ya sardini. Mwisa akainua mkono kunikatisha, bila hasira.

"Kode nimeisikia. Nakuuliza juu ya shofere, ule wa kamyo. Ule ataenda mbele ya mutoto wangu kesho, ni wa zamani, ao ni ule ulifundisha? Mutoto atamujua je?"

Wanaume wote walikuwa wananitazama. Nilikuwa mtu wa semina, mwenye koti, mwenye bango. Nilitafuta jibu kwa kweli, niliwapitia madereva wote ninaowajua mmoja mmoja, waliofundishwa, wasiofundishwa, waliofundishwa wakasahau, wanaowasha hivi wakiwa Masisi na vile wakivuka Kashebere. Hakukuwa na njia ya kuwatambua kwa nyuma. Taa ni ile ile, njano, inawaka na kuzimika. Zamani ilikuwa na maana isiyo yangu. Sasa haikuwa na maana.

"Sijui," nikasema.

Mwisa alitikisa kichwa polepole, kama vile nimemthibitishia jambo.

"Kama haungeweza kufundisha bote, ungetuacha vile tulikuwa."

Mama mmoja akaniletea sahani, kwa sababu mgeni wa kilio hapitwi na chakula, na kukataa ni kuwatukana wafiwa. Ilikuwa ndizi na sombe, yaani kisamvu, iliyotiwa mafuta ya mawese. Nilikula yote, mbele yao, na ilikuwa imepikwa vizuri.

Mtaniuliza kwa nini sikuurudisha utaratibu wa zamani. Nililifikiria hilo njia nzima ya kurudi. Ningewaambia nini madereva, kwamba niliyowafundisha wayafute? Nusu wangefuta, nusu wasingefuta, na sasa tungekuwa na watu wa aina tatu. Niliandikia ofisi kuomba niende vijijini kuwafundisha wenye pikipiki. Wakanijibu kwamba pikipiki hazimo kwenye mpango wa mwaka ule, na mwaka uliofuata hapakuwa na mpango wala mwaka, vita vilikuwa vimefika Sake na sisi wenyewe tulikuwa tunalala kwenye maturubai. Vilipopungua kidogo yakaja magari mengine na madereva wengine, wageni waliokimbia kwao, na mengine yana usukani upande wa kulia kutoka nchi ambako watu wanaendesha kushoto, na hao wana maana yao pia. Sikuwa na mkaa wa kuwachorea wote. Naomba mnielewe, sijitetei. Nawaeleza tu jinsi kitu kinavyoweza kuharibika mpaka mtu asione pa kukishika.

Kesho yake baada ya kilio mvua ilinyesha. Tulifunga kizuizi. Kulikuwa na madereva saba chini ya mabati, wawili wapya. Nilisafisha ubao, nikachora barabara, nikapanga makopo yangu, nikawafundisha ile ile: ya kushoto ni nakata, ya kushoto ni usipite. Mmoja wa wale wapya aliniuliza kama na walio nyuma wanajua hivyo. Nikamwambia wanajua.

Nimeendelea kufundisha hivyo mpaka mwezi uliopita. Na kila mara gari lilipowasha taa ya kushoto mbele yangu, nilikuwa nageuza kibao upande wa kijani, kisha nafumba macho mpaka nisikie limemaliza kukata.